Viini Viwili Mashavuni mwa Uyoga

Mifuko sita ya uyoga ilining'inia stoo kwangu, mtaa wa Kuze, juu ya magunia ya tende ninazouza. Ilikuwa ya binti yangu, Fariha, anayesoma chuo upande wa Buxton. Kazi yake ya mwisho ilikuwa hiyo. Asipoipeleka Ijumaa, hahitimu. Mimi niliachia darasa la sita, elimu hiyo sina. Lakini kinyaa nilikuwa nacho. Uyoga ulichomoza kwenye majani yaliyovunda, laini, wenye ute, kama masikio ya maiti.

Jumanne akanipa chupa.

"Baba, leo na kesho nina mtihani. Kila saa kata kipande chembamba cha yale mashavu ya chini, zile kunyanzi za ndani ya mwavuli wake, utie humu."

Nikanusa. "Hii pombe!"

"Spiriti na siki kali, ya kuhifadhia vipande. Huinywi, baba."

"Kefule! Na kwa nini kila saa?"

"Ndani ya uyoga mna viini vya wazazi wawili. Hukaa pamoja umri mzima bila kuungana. Huungana mara moja tu, humo mashavuni, kisha hugawanyika vinne, kila kimoja kikaingia kwenye kijimbegu chake na kwenda zake. Nataka nivikute vimeungana."

"Havina hata haya."

Akacheka, akaenda.

Mimi mtu wa tende. Tende huikimbilii, unangoja iive. Tena mkono haukutaka kugusa chupa ile. Nikangoja. Jumatano alasiri uyoga ulikuwa mpana kama visahani, umemwaga unga mweupe juu ya magunia, juu ya kofia yangu, mpaka kooni. Nikakata vipande kumi kwa mpigo huku nikitema mate.

Fariha aliporudi akautazama ule unga, akakaa sakafuni.

"Vimeshaondoka, baba. Ukiiva, hamna kitu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mfuko wa nyuma ulikuwa na vichanga bado, vimebanana kama vidole vya miguu. Hivyo ndivyo vilivyonichefua zaidi. Alhamisi, yeye akiwa chuoni, nilifunga duka, nikakaa stoo toka asubuhi hadi magharibi, wembe mkononi, spiriti ikinichoma vidole. Kila saa kipande. Mara mbili nilitoka nikatapika uani.

Ijumaa jioni akanionyesha picha ya darubini kwenye simu: vijirungu vya yale mashavu vimejipanga, vingi vina nukta mbili, kimoja kina nukta moja kubwa.

"Hiki ulikikata saa nane."

"Na kazi, wameipokea?"

"Wameipokea, baba."

"Alhamdulillahi. Sasa nitolee uchafu huo nyumbani kwangu."