Alama Kumi na Nane

Jumanne ya tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, mke wangu alipata alama kumi na nane. Zilitakiwa ishirini.

Mimi ni mwashi. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuhesabu najua. Kliniki ilikuwa na mashine moja tu ya kupimia presha, nayo ilikaa chumbani kwa daktari. Mganga mkuu akaona foleni inamsumbua, akatoa amri: kila mjamzito aulizwe maswali kumi, ajibu kwa alama, sifuri mpaka kumi. Anayefikisha ishirini anaingia kwa daktari. Asiyefikisha, nyumbani.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, mimba ya miezi minane. Hakuwahi kumwongezea mtu hata nusu inchi kiunoni, mteja alie asilie.

"Kichwa?" nesi akauliza.

"Tisa. Na macho yanaona vimulimuli."

"Vimulimuli havimo kwenye fomu, mama. Miguu?"

"Sita."

"Sita tu? Na hizo ndala za kiume ulizovaa?"

"Za mume wangu huyu hapa. Zinanitosha. Zingenibana ningesema saba."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Mgongo akaupa tatu. Usingizi sifuri, tumbo sifuri, mengine yote sifuri. Nesi alikuwa anajumlisha kwa ncha ya kalamu, na kalamu ikasimama. Lilibaki swali la mwisho.

"Wasiwasi?"

Mke wangu akanigeukia. Nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti, saruji ya jana bado iko kwenye kucha. Akanitazama kidogo, akarudisha uso kwa nesi.

"Sifuri."

"Dada yangu," nesi akashusha sauti, "hata mbili tu?"

"Kipimo ni kipimo."

"Shemeji, hebu sema na mkeo."

"Huyu?" nikasema. "Huyu simba, haogopi kitu." Nikajiona nimemsifu.

Nesi akaandika kumi na nane, akagonga muhuri.

Alhamisi asubuhi nilimkuta sakafuni kando ya cherehani, mwili unatetemeka wote, meno yameng'ata ulimi. Tulifika hospitali kubwa saa sita mchana; wakasema ni presha, kifafa cha mimba. Mtoto wakamtoa mzima, wa kike. Mama yake hakufumbua macho tena.

Tulipokwisha kuzika, mdogo wake akaniita pembeni. "Dada alikuwa anaogopa, shemeji. Kila siku alinipigia akilia. Akasema wewe usiambiwe, utapanda jukwaa la ujenzi na mawazo, uanguke."

Nikaenda kwa mganga mkuu. Akafungua faili, akapitisha kidole.

"Fomu imejazwa sawasawa, mzee. Sisi tunaandika anachosema mgonjwa."

"Hiyo ishirini mliitoa wapi?"

"Ni utaratibu."

"Ukuta wangu ukianguka naulizwa mimi. Utaratibu wenu ukianguka, anaulizwa nani?"

Akafunga faili, akamwita anayefuata.

Nilipotoka nikaliona benchi la nje, chini ya dirisha, tupu. Siku ile pia lilikuwa tupu. Katika wakubwa wote waliokaa kuitunga fomu ile, hakuna hata mmoja aliyefikiri kumwambia mume akasubiri pale. Na kama ningesubiri pale, mke wangu angesema ngapi?