Milango ya Nyuma Kumi na Sita

Nilikuwa nacheka peke yangu ofisini kwangu Bondeni, hapa Kyela mjini, mvua inapiga bati hadi simu haisikiki, na kilichonichekesha ni chumba kimoja. Kazi yangu ni kukadiria majenzi: unaniletea ramani, nakwambia inataka tofali ngapi, saruji mifuko mingapi, milango mingapi. Zamani ningepima chumba cha kwanza, nikaja cha pili, nikaja cha tatu, mpaka macho yatoe machozi. Programu yangu mpya ya kompyuta inataka nipime kimoja tu, tena vizuri: ukuta wake, sakafu, dari, dirisha, mlango. Nakihifadhi kiwe chumba cha mfano, kisha nakipandikiza kila mahali kinapojirudia. Nikapandikiza. Vyumba kumi na sita vikajaa kwenye skrini hata chai haijapoa. Nikapiga vigelegele, na fundi simu wa jirani akachungulia kuuliza nani kaolewa.

Ramani ilikuwa ya nyumba ya wageni Ipinda, ya kulaza wanunuzi wa mpunga. Mwenye nyumba ni Mzee Andendekisye, baba yake Oscar, mume wangu. Hapo ndipo moyo ulikuwa unanienda mbio. Tangu niolewe, mzee hajawahi kuniambia neno moja usoni. Hanichukii, jamani! Ni mila ya wazee wetu Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Familia nyingi zimeshaiacha, wanakula ubwabwa meza moja. Mzee wetu hajaiacha. Nikiingia mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Tukikaribia kupishana njiani anainamisha mwavuli, na Kyela hii nani atamshangaa mtu kwa mwavuli? Mimi nami najitanda kanga na kugeukia migomba. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo sana. Nilitamani mno, sifichi, kumsikia mzee yule akiniita mwanangu, na nilijiambia kwamba labda kazi hii itamlainisha.

Basi nikiwa katikati ya vigelegele, mvua nayo imepungua, mama mkwe akapiga simu.

"Tusajigwe, mzee anasema chumba cha mwisho atakaa mwenyewe, asimamie wageni. Anataka kiwe na mlango wa nyuma."

"Wa nini, mama?"

"Si na wewe utakuwa unakuja pale kukagua? Apate pa kutokea."

Nilicheka, ingawa ilinichoma kidogo. Nikafungua chumba cha mwisho, nikaweka mlango wa nyuma, nikahifadhi, nikachapisha karatasi zote. Kwa ile furaha nilisahau jambo moja: chumba cha mfano hakijui mzee wala mgeni. Ukigusa kimoja umegusa vyote, mpaka kwanza ukitenge kile unachotaka kiwe tofauti. Mimi sikukitenga.

Jumapili baada ya ibada tukakutana sebuleni kwake Ipinda. Mama mkwe alikaa katikati. Upande mmoja mimi, kanga mpaka kwenye nyusi, kompyuta mezani, Oscar pembeni anakunywa chai. Upande wa pili mwavuli mweusi, umefunguliwa ndani ya nyumba, na chini yake viatu vya mzee na ncha za karatasi zangu.

"Mwambie ndaga fijo kwa kazi," mwavuli ukasema.

"Anakushukuru sana," mama mkwe akaniambia, kana kwamba nimekaa kule bandarini Itungi, sikusikia.

"Mwambie naona milango ya nyuma kumi na sita."

Nikaikodolea macho skrini: kweli, kumi na sita.

"Muulize," mwavuli ukaendelea, "mimi nina wakamwana kumi na sita?"

Oscar akapaliwa na chai.

"Na mgeni je? Alale, ale, ashibe, alfajiri apite nyuma hajalipa! Nitawakimbiza kwa miguu hii?"

Mama mkwe alijaribu kunifikishia hayo akashindwa, alikuwa amejiinamia anacheka mpaka machozi. Mimi nilijibana, nikajibana, kicheko kikanitoka kwa nguvu na kanga ikanidondoka mabegani. Mwavuli nao ulikuwa unatikisika. Lakini moyoni nilikuwa naogopa kwamba sasa kazi atapewa mtu mwingine, na mimi nitabaki kuangalia migomba maisha yangu yote.

"Mama, mwambie narekebisha sasa hivi."

"Kumi na sita? Mwambie asinidanganye."

"Mwambie nabonyeza mara moja tu."

Kiti kikakwaruza sakafu. Mwavuli ukazunguka meza taratibu, ukaja kusimama nyuma yangu.

"Mwambie abonyeze."

Nikafuta mlango wa nyuma wa chumba kimoja. Yote kumi na sita ikapotea kwa pamoja.

"Yesu wangu!" mzee akasema. "Hebu rudisha!"

Nikarudisha.

"Toa!"

Nikatoa.

"Rudisha tena! Toa! Hee! Nipishe nibonyeze mwenyewe!"

Akabonyeza kwa kidole chake kinene cha mkulima wa kakao, akitoa na kurudisha, akicheka kwa sauti, na wala hakugundua kwamba mama mkwe hana kazi tena. Oscar aliniangalia, macho yamemtoka. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Alipoishia kwenye "toa", nikakumbuka chumba chake. Nikajifunika kanga upya.

"Mama," nikasema, "mwambie na mlango wake wa nyuma umeondoka. Nikitenge chumba chake, niurudishe?"

Mama mkwe akafungua mdomo. Mzee akamnyooshea mkono anyamaze. Akakitazama kile chumba cha mwisho kwenye skrini, akakitazama sana. Kisha akafunga mwavuli, akauegemeza ukutani, akaniangalia usoni.

"Uache hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Mlango mmoja unatutosha."

Nikahifadhi upesi, kabla hajabadili mawazo.