Kichaka cha Watoto wa Tveit

Tangu shamba liuzwe, Ardis Tveit alikuwa hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akikaa, anasimama. Akimimina kahawa, inapoa.

Wala si mahindi yaliyomnyima usingizi. Katikati ya shamba lile kulikuwa na kichaka cha maua ya zambarau, na chini yake walilala watoto wawili wa Tveit wa kwanza, yule aliyeingia kaunti ile na gari la maksai wakati mbao za jeneza hazipatikani, sembuse jiwe la kaburi. Mama yao ndiye aliyepanda kichaka kiwe alama. Vizazi vinne vya Tveit vimelima kwa kukizunguka.

"Verlyn hajaahidi kitu," alimwambia mwanawe Dean kuhusu Verlyn Haugen, aliyelinunua shamba. "Ukoo wa Haugen ule! Ukiwapa nafasi watapanda mahindi hata madhabahuni."

"Mama, si umuulize tu?"

"Nimwombe Haugen? Mimi? Thubutu!"

Basi, ili angalau kichaka kiokoke, asubuhi wakaenda na masepetu, wakaking'oa kichaka na mizizi yake, Dean akihema na kulalamikia mgongo, wakakipeleka makaburini kwenye kanisa la mjini. Ardis akakishindilia udongo kwa buti zake. Kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi alisikia njaa, lakini hata mkate hakuumaliza.

"Nirudishe nikawaage wale watoto," alisema.

Loo! Wakakuta Verlyn ameshapanda. Mistari imenyooka toka barabarani hadi kwenye kinu cha upepo, hakuna palipopinda.

Ardis alikimbia kwenye udongo laini akipiga kelele. Verlyn akazima trekta, akashuka, akavua kofia.

"Umepita juu yao! Huna haya wewe?"

"Juu ya nani, Bi Ardis?" Uso ulimshuka. "Si mmewahamisha? Nimewaona asubuhi mnachimba, nikasema afadhali, wanapelekwa kanisani. Nikafukia shimo, nikapitisha jembe. Mzee wangu aliniusia kabla hajafa: ukilipata shamba la Tveit, zunguka kichaka. Ningezunguka, Bi Ardis. Kichaka sikukiona."

Ardis aligeuka huku, akageuka kule, na kila upande ulikuwa udongo mweusi uleule.

"Walikuwa hapa," alisema. Akasogea hatua chache. "Hapana. Hapa."