Binti Aliyeikosea Modeli

Profesa wa jenetiki aliunda modeli ya takwimu iliyosoma vinasaba kwenye mate ya mtoto na kutabiri urefu wake ukubwani. Alianza na bintiye mchanga, na modeli ikasema atampita baba kwa kichwa kizima. Kwa furaha, akapandisha makabati ya jikoni hadi karibu na dari.

Binti akakua, akakomea begani kwa mama yake.

"Simama wima," profesa alimwambia, utepe wa kupimia mkononi.

"Ndiyo nimesimama, baba."

"Modeli haina kosa. Wewe ndiye umekengeuka."

Mama, aliyekuwa juu ya stuli akitafuta sufuria, akauliza, "Kwani uliiunda kwa vipimo vya nani?"

"Vya watu wa ng'ambo."

"Basi waje wao wapike!"

Profesa akanuna, akaenda ofisini, akamfuta binti kwenye data. Modeli ikapatia tena, na wenzake wakampigia makofi.