Maziwa ya Kushukia Chemba

Nilimvunja mume wangu mkono kwa reki ya chuma, Jumanne saa nne asubuhi. Wapo hapa Iringa wanaonipita njiani bila salamu mpaka leo. Wapite tu.

Mimi ni msimamizi wa mabwawa ya majitaka. Watu wakisikia hivyo hukunja pua kana kwamba wao hawaendi chooni. Kila mnachokivutia maji na kukisahau kinakuja kwangu. Kinaingia kwanza kwenye chemba, shimo la zege lenye kina cha mita nne, ambamo wavu wa nondo huzuia matambara na takataka nyingine. Kutoka hapo maji huenda bwawa la kwanza, ambako tope hutua chini na vijidudu visivyotaka hewa hulila. Halafu la pili, la kijani, ambako jua na mwani hufanya kazi yao. Halafu la tatu, ambako bata maji huogelea kwa raha zao. Baada ya wiki tatu hivi maji hayamdhuru mtu tena, tunayaacha yateremke mtoni. Mimi sisafishi chochote. Nahakikisha tu maji yanapita bila kusimama, na hakuna binadamu anayeshuka kwenye chemba.

Maana chemba inaua. Uchafu ukioza pasipo upepo hutoa hewa nzito inayolala chini. Mwanzoni inanuka yai viza, halafu pua inakufa ganzi, unadhani imeondoka. Pumzi mbili tatu, umeanguka. Nilifundishwa hayo kwenye semina Mbeya, na mwalimu alituambia kwamba kwenye shimo la namna hii hafi mtu mmoja. Anakufa aliyeingia, anamfuata aliyekwenda kumwokoa, anamfuata na wa tatu.

Mume wangu, Anord, ni dereva wa gari la kunyonya majitaka. Utingo wake alikuwa Isakwisa, mtu wa Mbalizi, baba wa watoto wanne. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja na walikula sahani moja. Mimi aliniita shemeji, na kila nikimpa chai alisema "ndaga fijo" kwa Kinyakyusa chake, mpaka nami nikaanza kuwashukuru watu hivyo. Nilimpenda. Nalisema mapema asije mtu akadhani nilikuwa na kisirani naye.

Wote wawili waliamini maziwa. Ukinywa maziwa, walisema, hewa mbaya haikushiki. Mafundi rangi wanasema hivyohivyo, na wachomeleaji, na wachimba vyoo. Nilibishana nao miaka yote wakanicheka, na kidumu cha maziwa kikaendelea kusafiri ndani ya gari lao.

Jumanne hiyo walimwaga mzigo wa choo cha shimo, magunzi matupu. Kwetu wapo ambao bado wanajipangusia magunzi, na gunzi halina haraka ya kuoza. Yakaziba wavu, maji yakaanza kupanda. Nikamwambia Isakwisa asubiri nikachukue reki, ile ndefu ya meno ambayo unakokotea takataka ukiwa juu. Stoo ni hatua mia. Niliporudi, Silvester mlinzi alikuwa amesimama ukingoni mdomo wazi, na kikombe cha plastiki kimelala kwenye nyasi, bado kina maziwa kidogo.

"Isa kaanguka," alisema. "Kashuka vizuri tu, kafika chini, kakaa."

Nikachungulia. Alikuwa ameegemea ukuta, maji yamemfika kiunoni, kichwa kimelala begani.

Anord alikuwa anakunja mpira nyuma ya gari. Alikuja mbio, akatazama chini mara moja tu. Akainua kidumu, akanywa mpaka maziwa yakamtiririkia kifuani, akapiga magoti ukingoni, juu ya vipandio vya chuma vilivyojengewa ukutani.

"Anord, usishuke."

"Nimeshakunywa."

"Na yeye alikunywa."

"Toka, Eva. Yule ndugu yangu."

Nilimvuta shati likachanika. Akageuka akanipiga ngumi ya mdomo, ya kwanza katika ndoa ya miaka kumi na tisa. Nikatema jino. Akainama tena, akakamata kipandio cha juu kwa mkono wa kulia, na nikaona kabisa kwamba dakika moja ijayo sina mume. Nikainua reki nikaishusha kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulivunjika, nikausikia. Nikamkamata ukosi nikamburuta nyuma huku akilia. Akarudi kwa kutambaa. Nikampiga tena, safari hii muundi wa mguu.

"Mama, unaua mtu," Silvester alisema, akataka kunipita. Nikamsukumia mpini tumboni akakaa chini.

"Piga simu zimamoto," nikamwambia. "Ukiinuka kwa jambo jingine nakupasua."

Kelele za Anord ziliwaleta wanaolima mboga bondeni, wanaume sita. Walichokiona ni mwanamke mwenye damu mdomoni amesimama juu ya shimo lenye mtu, na mumewe amevunjika pembeni. Waliniita mchawi. Jiwe la kwanza lilinipata begani, la pili likanichana paji la uso, damu ikaziba jicho. Saulo, mkubwa wao, alinijia na jembe. Nilizungusha reki, jino moja likamrarua sikio. Aliyetaka kupita nyuma yangu nilimvunja vidole. Niliogopa sana, nasema kweli, na nilipiga kwa sababu naogopa. Kila mmoja wao ana mke ninayemfahamu.

"Mnataka kumtoa?" niliwauliza. "Shikeni huu mpini tumvute kutoka hapa juu. Anayetaka kushuka aniue kwanza."

Saulo alinitazama, damu ya sikio ikimwingia shingoni. Akalitupa jembe, akashika mpini.

Tulivua kwa reki mara tano ndipo meno yakanasa mkanda wa ovaroli. Tukavuta watu wanne. Isakwisa alipanda taratibu, akilowanisha ukuta, tukamlaza kwenye nyasi. Nilimkandamiza kifua mpaka mikono ikaisha nguvu. Alikuwa ameshakufa.

Zimamoto walifika na vinyago vyao vya hewa. Kiongozi wao aliteremsha kipimo kwa kamba, kikalia hata kabla ya kufika nusu. Akatutazama, damu, mawe, mkono wa Anord.

"Wameingia wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

"Mmoja tu?" Akauliza mara mbili.

Daktari alisema huenda Isakwisa alikufa dakika ile ile ya kwanza. Alisema huenda, na mimi nalala na hiyo huenda.

Anord hakunisemesha siku tisa. Tulikwenda Mbalizi kuzika, tukarudi, bila neno. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, na yeye si mtu wa kula ugali kwa kushoto, kwa hiyo nilimlisha mimi. Alifungua mdomo huku akitazama ukuta.

Siku ya kumi, nikiwa nimeshika tonge, alinigeukia.

"Ningekuwa mimi kule chini," alisema, "na Isa yuko juu anataka kuja kunichukua. Ungempiga?"

Nilifikiria kumdanganya.

"Ningempiga."

"Hata kama bado napumua?"

"Hata kama bado unapumua."

Machozi yalimtoka, nami yangu yalikuwa yameshatoka. Halafu akafungua mdomo, nikamlisha lile tonge.