Meno Mawili ya Ustadhati Mwanaheri

Watoto walikuwa arobaini na wawili, na wote walikosea pamoja.

Mwanaheri alisimama mlangoni mwa madrasa yake, Tandika, akidhani masikio yanamdanganya. Asubuhi hiyo alikuwa amekwama kwenye foleni ya maji, na Zubeda, mwanafunzi wake wa zamani aliyemsaidia kusomesha, alikuwa amewaanzisha watoto herufi. Alifu, bee, tee. Hapo palikuwa sawa. Walipofika thee, madrasa nzima ikapiga mluzi. Dhali nayo ikatoka na mluzi uleule, kama upepo unaopenya dirisha bovu. Watoto wenye meno yao kamili, meupe, walikuwa wanasoma kama vibogoyo.

"Nani kawafundisha hivyo?" akauliza.

Wakatazamana. Kisha kabinti ka mstari wa mbele kakasema bila ubaya wowote, "Wewe, ustadhati."

Zubeda akainamisha kichwa. Mwanaheri akaelewa kwamba Zubeda alikuwa analijua jambo hilo siku nyingi, na heshima ndiyo iliyomziba mdomo.

Mwaka na nusu nyuma, mpini wa pampu ya kisima ulimponyoka jirani, ukampiga Mwanaheri mdomoni. Jino moja la mbele la juu lilitoka palepale, la pili likang'olewa hospitali. Akatengenezewa kibao cha plastiki chenye meno mawili ya bandia. Kibao kilimkaa vizuri akicheka, kikamhangaisha akisoma, kwani thee na dhali zinataka ncha ya ulimi iguse meno ya mbele, na kila ulimi ulipogusa, kibao kilicheza. Basi akajizoesha kukishikilia kwa ulimi huku akisoma. Alidhani hakuna anayesikia. Naye alikuwa mtu ambaye Temeke nzima, kila aliyetaka binti yake asome kwa makhraji sahihi, kila herufi itamkwe inapostahili, alimpeleka kwake.

Siku ileile akamwachia Zubeda somo la herufi. Nyumbani akamwambia mumewe, "Baba Najat, nimewaharibia watoto wa watu."

Kaka yake aliyekuwa Maskati ndiye aliyewahi kumwandikia habari za meno ya kupandikizwa, akaahidi kugharamia. Barua ile aliitia kabatini kwa woga. Sasa aliitoa.

Daktari aliyeifanya kazi hiyo aliitwa Gozbert, Mhaya mpole aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Serikali iliporuhusu tena watu binafsi kutibu, alifungua zahanati yake Kinondoni, juu ya duka la vitambaa. Alimwekea Mwanaheri kiganjani skrubu ya kijivu isiyozidi ukubwa wa mbegu ya tikiti maji.

"Hii ndiyo mzizi, mama. Tunaitia ndani ya mfupa wa taya, tunashona ufizi juu yake, tunasubiri miezi sita. Mfupa ukiikumbatia, tunaweka jino juu."

"Na usipoikumbatia?"

"Tunaitoa."

"Umeshawafanyia wangapi hapa?"

"Wanne. Wewe utakuwa wa tano."

"Wote ilishika?"

Daktari hakulikwepa swali. "Watatu."

Njia nzima ya kurudi Mwanaheri alimuwaza yule wa nne, mtu asiyemjua jina wala sura. Suhaib, mumewe, alikuwa fundi wa mashine kwenye karakana moja ya Chang'ombe, na maneno yake hayakumpunguzia hofu. "Mie nakaza skrubu kutwa," alisema. "Kwenye chuma inashika. Kwenye mbao mbichi, siku mbili tu ishalegea. Mfupa sijui uko upande gani." Alipoona uso wa mkewe, akaongeza haraka, "Lakini daktari si mie."

Shehe wa mtaani alipoulizwa kama dini inaruhusu, alisema ni dawa kama kuunga mkono uliovunjika. Ikabaki hofu yenyewe, ambayo haina fatwa.

Siku ya kutiwa skrubu ilikuwa kipindi cha mgao wa umeme. Ganzi ilishapanda hadi puani, ufizi umeshachanwa, skrubu ya kulia imeshakaa, na keekee inatoboa mfupa upande wa kushoto, Mwanaheri akiisikia zaidi fuvuni kuliko masikioni. Ghafla ikanyamaza. Taa ikazimika. Akabaki kitini, mdomo wazi, maji na damu vikimkusanyikia kooni.

"Usifunge mdomo, mama. Jenereta inakuja," alisema Gozbert, mkono wake ukiwa umeshikilia taya la Mwanaheri. Mkono ule ulikuwa umetulia, lakini Mwanaheri alimsikia akipumua kwa kasi. Chini, mtu alivuta kamba ya jenereta mara moja, mara mbili, mara nne. Mwanaheri akasoma moyoni kila dua aliyoijua. Mara ya saba ikawaka.

Alipomaliza kushona, daktari akampa sharti moja. "Wiki mbili usivae kile kibao. Kisiguse pale. Skrubu isitikiswe."

Akaitikia kwa kichwa. Siku ya nne akafiwa na shangazi yake wa Mtoni.

Msibani wanawake walijaa hadi uani, na khitma ya kumsomea marehemu ilikuwa ikimngoja yeye aiongoze. Alikaa chumbani na kibao mkononi. Akitoka na pengo na ufizi ulioshonwa, kila jicho litakuwa kinywani mwake badala ya kwa maiti. Akajiambia, saa moja tu. Akakibandika. Maumivu yalimpanda hadi jichoni, na alipomaliza kusoma alimeza mate yenye ladha ya damu. Hakumwambia Suhaib. Siku ya kutolewa nyuzi hakumwambia daktari pia.

Miezi sita ikawa mirefu kuliko mimba yake ya Najat. Kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki alipitisha ulimi juu ya ufizi, kulia, kushoto, akitafuta uvimbe. Upande wa kushoto ulikuwa ukimdundadunda, au alidhani unadunda. Alimpa Suhaib tochi amtazame.

"Nyama tu, Mama Najat."

"Tazama tena."

"Nyama tu, wallahi."

Alikonda. Majirani wakadhani ni sukari. Na watoto waliendelea kupiga mluzi, maana Zubeda aliwasahihisha lakini kosa lililoingia kwa mwalimu mkubwa halitoki kwa mwalimu mdogo.

Siku ya miadi ilipofika, Gozbert alimtia ganzi, akafunua ufizi, akagonga skrubu ya kulia kwa kishikio cha kifaa chake. Ikatoa mlio mkavu, safi. Akatabasamu. Akagonga ya kushoto. Mlio ukawa mzito, kama mtu agongaye boga. Akashika bisibisi yake ndogo, akaizungusha kidogo tu, na skrubu ikazunguka nayo.

Mwanaheri aliona macho ya daktari juu ya barakoa, akajua haikushika.

"Nilikivaa," akasema, ulimi mzito kwa ganzi, machozi yakimtoka kuelekea masikioni. "Kile kibao. Siku ya nne. Nilikuwa na msiba."

Gozbert akaweka kifaa chini. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

Akavuta kigoda akakaa. "Huenda ni kibao. Huenda ni keekee yangu iliyosimama katikati. Huenda mfupa wenyewe umekataa tu. Siwezi kukuambia ni lipi, mama, na nikikuambia nitakuwa nimekudanganya."

Akaitoa ile ya kushoto, ikatoka bila kazi. Akamweleza njia zilizobaki. Angeweza kungoja mwaka, shimo lizibe, watie nyingine, ndipo aweke meno yote. Au aweke jino la kulia sasa, na la kushoto liungwe nalo, likining'inia ubavuni mwake mpaka zamu yake ifike.

"Lakini skrubu moja itabeba kazi ya mbili," alisema. "Muhogo, muwa, mfupa wa kuku, usithubutu kuuma kwa mbele. Ukiielemea, nayo itaondoka."

"Mie sitaki meno ya kutafunia muhogo, daktari. Nataka ya kusomea."

Wiki chache baadaye meno yakafungwa. Alijitazama kwenye kioo cha zahanati, akaona kinywa chake cha zamani, na moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza. Utulivu huo ulidumu hadi Tandika. Alifunga mlango wa chumbani, akasoma thee. Mluzi ukatoka.

Akarudia. Mluzi. Meno yalikuwepo, imara, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea kukimbilia nyuma kushikilia kibao kisichokuwepo tena. Kumbe yote yale, skrubu, damu, miezi sita, na kosa limehamia mahali ambapo daktari hafiki?

Asubuhi alimwita Zubeda mapema, kabla watoto hawajaja, akamketisha kwenye mkeka wake mwenyewe, yeye akakaa mbele yake, mahali wanapokaa wanafunzi.

"Nisikilize. Nikikosea, uniambie."

"Ustadhati, mie siwezi..."

"Ulinyamaza mwaka na nusu kwa kuniheshimu, Zubeda. Umeona heshima hiyo ilikotufikisha."

Akasoma. Zubeda akatazama chini, kisha akainua uso. "Bado."

Akasoma tena.

"Bado, ustadhati. Ulimi uko nyuma. Ulete mbele, uguse meno."

Mwanaheri aliogopa kuyagusa, hilo ndilo lililokuwa likimzuia. Kila ulimi ulipokaribia, alihisi skrubu moja peke yake ndani ya mfupa, akarudi nyuma. Siku tisa walikaa hivyo. Siku ya kumi ulimi ulifika, ukagusa, na meno hayakutikisika. Thee ikatoka laini, nzima. Zubeda alifunika uso kwa mtandio wake na mabega yakamtikisika. Mwanaheri akairudia mara ishirini, akiogopa itamkimbia.

Watoto walipojaa, alisimama mbele yao akawaambia kwamba herufi walizojifunza kwake zilikuwa na kosa, kosa ni lake, na leo wanaanza upya kutoka alifu. Ilichukua mwezi mzima mluzi wa mwisho kwisha. Skrubu ya pili alitiwa mwaka uliofuata, ikashika.

Lakini siku ile ya kwanza, kabla hawajaanza, kabinti ka mstari wa mbele kalinyoosha mkono.

"Ustadhati, na yakitoka tena?"

Mwanaheri aliyagusa meno kwa ncha ya ulimi, kama ambavyo angefanya kwa miaka mingi kila akiuma mkate.

"Yakitoka tena," akasema, "mniambie siku hiyohiyo. Msiniige."