Kikohozi Msituni

"Shemeji, wewe unabaki hapa," mwongozaji wetu, mzaliwa wa msitu ule aliyekuwa akiniita dada, alimwambia mume wangu alipomsikia akikohoa. "Sokwe wakiambukizwa mafua yako, watakwisha."

Nilitaka turudi wote. Safari ile tulikuwa tumeingoja tangu harusi yetu.

"Nenda, mke wangu. Utakuja kunisimulia, na usinipunje."

Nikaenda. Nilimwona sokwe jike akimtoa mwanawe chawa, wala hakunijali.

Nilimsimulia mume wangu mara nyingi, hata miaka ikipita akawa anawahadithia wageni mwenyewe: "Tulipomwona yule mama..." Mimi nilikuwa nikiwaongezea chai.

Sasa hayupo. Wajukuu wakiniuliza, nawaambia tulikwenda wawili, na babu yao alitangulia mbele.